Maneno ya Bi Esha Niliyoyapunguza

Mwanangu Somoe,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga watu wa Shangani, na baba yako yuko bandarini anaulizia kama kweli meli itaondoka kesho alfajiri au wameahirisha tena. Ni saa tisa mchana na nyumba iko kimya. Mambo ya sabuni, ya chandarua na ya kutompa mtu usiyemjua sanduku lako akushikie, baba yako amekwisha kukwambia, tena mara mbili. Huko sina la kuongeza. Nakuandikia habari nyingine, na hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu nilijikuta najisifu.

Juzi tukiwa tunakula ulisema, "Mama, nikifika chuoni nitajiunga na wale wanafunzi wanaowasaidia watu bure mambo ya sheria." Niliinuka nikaenda jikoni kuangalia maji. Hapakuwa na maji motoni, na nadhani uliliona hilo. Nilikusikia ukimwuliza baba yako, "Mama ana nini?" naye akakujibu, "Mwache." Baba yako anajua. Wewe hujui, maana ulikuwa na miaka tisa, na unachokumbuka ni Rukia aliyekuwa akikusuka nywele, na Deo aliyekubeba mabegani mpaka mtoni. Unawakumbuka vizuri, tena walistahili kukumbukwa vizuri. Mimi pia niliwapenda, na mambo yangu yaliharibikia hapo.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe vijiji vipya. Watu wa bondeni, kuanzia pande za Kitaya kuteremka kuelekea mdomo wa Ruvuma, waliambiwa waache makazi yao yaliyotawanyika wakae pamoja kando ya barabara. Walijenga upya, lakini mashamba ya zamani yalibaki nyuma, mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu. Mimi nilikuwa Bibi Maendeleo, nikiwafundisha akina mama kushona na kutunza watoto. Baba yako alibaki hapa Mtwara mjini kwa kazi yake ya bandari, na mimi na wewe tuliishi kijijini kwa Mjomba.

Mjomba, kaka wa mama yangu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiye pia aliyenilea. Wanaume wenzake walimcheka alipouza mbuzi wake kunipeleka shule ya bweni, wakamwuliza msichana atamsomea nini. Alinisindikiza kwa miguu siku nzima, sanduku kichwani mwake, na tulipofika getini akalifuta vumbi kwa kanzu yake kabla hajanikabidhi. Naomba umjue hivyo kwanza, kabla sijakueleza mengine.

Wanafunzi walikuja likizo ndefu, sita kwa jumla, wasichana wawili na wavulana wanne. Hawakuwa na mwalimu. Kazi ile waliianzisha wenyewe kule chuoni, wakachaguana uongozi wenyewe, wakatunza majalada yao wenyewe, na wakigombana walipatana wenyewe. Deo, kijana mrefu wa Bukoba, alikuwa mwenyekiti wao. Rukia wa Tanga aliandika majalada. Walipewa darasa moja la shule yetu, wakatundika ubao nje: KLINIKI YA SHERIA.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na foleni ya akina mama, watoto mgongoni, kadi mkononi. Deo alisimama mlangoni amepakatishwa mtoto wa mtu, hajui amfanye nini, na mama wa mtoto anamwuliza mizani iko wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Ndugu Deo, huku kliniki ni ya kupima watoto." Walifuta ubao wakaandika MSAADA WA SHERIA, lakini jina lilikwisha kushika. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nawatafsiria wazee wasiosema Kiswahili, nikawa Mama Kliniki.

Sijui kama nitaweza kukueleza maisha ya wale watoto yalivyonivuta. Nawaita watoto, lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijatimiza miaka thelathini na miwili. Asubuhi walisikiliza watu. Jioni walikaa duara na kila mmoja akasoma jalada lake, wengine wakamhoji: umejuaje, nani mwingine alikuwepo, mlalamikiwa naye anasemaje. Aliyemkatiza mwenzake alikwenda kuchota maji. Deo alichota maji sana. Wavulana walipokataa kupika, Rukia aliandika zamu kwenye ubao wa darasa, na siku ya zamu ya Deo tulikula ugali wa muhogo wenye mabonge, naye akililia ndizi za kwao, na hakuna aliyeacha kula. Walitaniana, walinuniana, walivaliana mashati. Mmoja alipopata homa walikaa naye kwa zamu na wakamsomea majalada ili asipitwe.

Siku ya nne niliona jina langu kwenye ule ubao wa zamu, katikati ya majina yao. Hakuna aliyenitangazia. Waliliandika tu. Mimi niliyeishia darasa la nane nikitamani kuendelea, nilisimama mbele ya ubao ule kama mtu aliyeitwa chuoni.

Basi ndipo akaja Bi Esha.

Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, wa upande wa pili wa kijiji. Alikaa kwenye dawati mbele ya Rukia na Deo, mimi pembeni, akaanza kusema kwa Kimakonde, polepole, bila kuinua macho. Alisema yeye na marehemu mumewe walipanda mikorosho kule kwenye makazi ya zamani. Alisema walipohamishwa, mwenyekiti alimwita akamwambia aweke dole gumba kwenye karatasi ya kugawiwa kiwanja. Akaweka. Baadaye akaambiwa karatasi ile ilikuwa ya kuitoa mikorosho kwa kijiji. Na msimu ulipofika, aliyekwenda kuokota korosho hakuwa kijiji, alikuwa mtoto mkubwa wa mwenyekiti. Alitaja jina la Mjomba, akaninyooshea mkono kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anayesema, mnamjua, ni wa kwao huyu.

Rukia aliinua kalamu. "Amesemaje, Mama?"

Nilisema, "Mikorosho yake aliitoa kwa kijiji. Anauliza kama anaweza kuruhusiwa kuokota kidogo kwa matumizi ya nyumbani."

Rukia hakuandika mara moja. "Amesema maneno mengi, Mama. Wewe umetupa machache."

"Kimakonde kinazunguka," nikamjibu. "Lazima uzunguke ndipo ufike."

Wakacheka, nami nikacheka. Somoe, lugha hiyo ndiyo aliyonibembelezea mama yangu, nami niliisingizia mbele ya wageni ili kuficha uongo wangu. Mpaka leo nikiwasikia watu sokoni wakiiongea, kuna siku najiona sistahili kuitikia.

Rukia aliandika mstari mmoja: ashauriane na uongozi wa kijiji. Jalada likafungwa. Mimi nikamgeukia Bi Esha nikamwambia kwa Kimakonde kwamba wamelichukua shauri lake na barua itakuja.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilimwogopa Mjomba. Ni kweli, nilimwogopa, na nilimwonea aibu kwa mema yake. Lakini si hilo tu. Nilijua kwamba nikisema kweli, jioni ile kwenye duara wangelisoma jalada la Mjomba wangu, na mimi ningeombwa kutoka nje. Nilitaka kubaki ndani. Nilitaka jina langu libaki kwenye ubao ule. Kwa hiyo mikorosho ya mwanamke yule niliitoa mimi kwa mara ya pili.

Tangu siku hiyo Bi Esha alikuja kila asubuhi. Mara analeta mihogo, mara samaki mkavu, anaweka mlangoni, anakaa kidogo kwenye kizingiti, ananitazama, anaondoka. Wanafunzi walisema, "Bibi ana roho nzuri." Walimzoea. Deo alimchezea vichekesho vya mikono naye akatabasamu. Siku yao ya kuondoka, lori likiwa limewashwa, alimsogelea Deo akasema kwa Kimakonde, "Mikorosho yangu inarudi lini?" Deo akanitazama. Nikasema, "Anawatakia safari njema." Deo akamshika mikono yote miwili akasema, "Asante sana, Bibi. Hatutakusahau."

Lori likaondoka. Wewe ulilia. Mimi nilibaki pale barabarani na Bi Esha, sisi wawili tu, na sikuweza kumtazama.

Miezi miwili baadaye mikorosho ilikuwa imetoa maua. Nilikuwa natoka kijiji cha pili kwa kazi, nikapita njia ya makazi ya zamani. Nilimkuta Bi Esha anapalilia na kufagia chini ya mikorosho ileile, safi kama uwanja wa nyumba, kama wanavyofanya watu kabla korosho hazijaanza kuanguka. Nikamwamkia. Nikamwuliza anafanya nini.

"Nasafisha," akasema. "Barua ikija ikute pasafi."

Nilikwenda hatua chache, nikarudi. Nikaondoka tena, nikarudi tena. Mwisho nikakaa chini palepale kwenye majani aliyoyafagia nikamweleza yote. Nilivyosema, nilivyopunguza, na kwamba hakuna barua itakayokuja kwa sababu hakuna aliyeombwa kuiandika.

Hakuacha kufagia. Aliposogea karibu yangu akasema, kwa Kiswahili, kizito lakini Kiswahili, "Nilijua. Kiswahili nakisikia. Kusema ndiyo siwezi vizuri."

Nikamwuliza kwa nini hakupinga siku ile.

"Ningemwambia nani? Mdomo wangu ulikuwa wewe."

"Na ile mihogo? Na samaki?"

"Nilikuwa nakuja unione," akasema. "Nilisema ataniona siku moja, ya pili, ya tatu, atachoka. Hukuchoka."

Jioni hiyohiyo niliwaandikia wanafunzi. Barua ilikuwa fupi na mbaya, haina salamu. Nilidhani hawatajibu, au watajibu kunifariji. Majibu yalichukua wiki nyingi kufika, kwa mwandiko wa Rukia, na hayakunifariji. Aliandika kwamba waliisoma barua yangu wote mezani, wakabishana siku mbili. Mmoja alitaka jina langu lisitajwe tena. Deo alitoka nje akakaa peke yake. "Halafu tukajiuliza wenyewe," aliandika Rukia. "Mimi niliona kwamba maneno yamepungua. Niliona, nikakuuliza, ukanijibu, nikacheka. Nilicheka kwa sababu nilikupenda na sikutaka jioni yetu iharibike. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mkalimani ana undugu gani na mwenyekiti. Tulikula mihogo ya yule bibi kila siku na hatukumwuliza kwa nini anakuja." Mwishoni aliandika wanachohitaji: maelezo yangu kwa maandishi, jina langu kamili, na nikubali kuyasema mbele ya hakimu, Mjomba akiwepo.

Nisikudanganye kwamba nilikubali palepale. Nilikaa na barua ile chini ya godoro siku kumi na moja. Nilikwenda Mtwara kwa baba yako nikamwonyesha, nikitumaini atanikataza. Alisoma, akaikunja, akasema, "Siwezi kukuchagulia. Lakini nitakuja nawe siku hiyo." Akaja. Aliomba ruhusa kazini akapanda lori la chumvi.

Deo na Rukia nao walikuja, kwa fedha walizochangiana na wenzao. Hawakuruhusiwa kusema mahakamani, kwani walikuwa wanafunzi tu, lakini usiku wa kuamkia siku ile walimkalisha Bi Esha na mkalimani mwingine, mwalimu kutoka kijiji cha Ziwani asiyemjua mtu pale, wakamsikiliza upya kuanzia mwanzo. Mimi nilikaa nje. Nilisikia sauti yake ikienda na kwenda, na kila alipotua nilisikia mwalimu akirudia, kwa kirefu vilevile.

Mahakamani nilisema yangu. Mjomba alisimama hatua tatu kutoka kwangu, kofia mkononi. Hakukana sana. Alisema mikorosho ilikuwa imeachwa, kijiji kingeipoteza, mtoto wake aliitunza tu. Hakimu akaamua mikorosho irudishwe kwa Bi Esha, na mavuno yaliyokwisha kuokotwa yakapotea, hapakuwa na wa kuyalipa. Tulipotoka nje Mjomba alinisubiri kwenye ngazi. Hakunitukana. Alisema, "Nilikusomesha ili uje uniandike." Akavaa kofia yake akaondoka. Aliishi miaka sita baada ya hapo na hakuzungumza nami tena. Alipougua nilikwenda nikakaa uani kwake siku tatu. Hakuniita ndani. Aliniletea chakula, kwa mkono wa mkewe, kila siku, na sahani ilikuwa imejazwa vizuri. Sijajua mpaka leo niichukulieje sahani ile.

Nilifanya lililo sawa, Somoe, lakini sikupata amani ambayo watu husema utaipata. Watakuambia ukisema kweli utalala usingizi. Mimi sikulala vizuri kabla, na sikulala vizuri baada. Tofauti ni kwamba sasa Bi Esha ana mikorosho yake.

Mwaka uliofuata wanafunzi wengine walikuja, Rukia akiwa kiongozi wao. Walitafuta wakalimani wawili wawili kwa kila shauri. Sikwenda hata kuwasalimu. Bi Esha ndiye aliyewaambia, "Mleteni na yule. Huyo sasa anaogopa kudanganya." Nikaitwa. Sikuandikwa kwenye ubao wa zamu safari hiyo, wala sikula nao. Nilikaa kwenye dawati, nikatafsiri, nikaenda nyumbani. Niliposhindwa neno nilisema nimeshindwa. Ilikuwa kazi kavu, na niliifanya likizo nne.

Kwa hiyo nenda ukajiunge nao. Sikukatazi, na ningekukataza ningekuwa nakuonea. Utapata marafiki ambao utawazika na watakuzika. Mtapika pamoja, mtacheka, mtapendana mpaka mjione ninyi ndio nyumba. Siku mtakapokuwa mmefurahi hasa, mtazame aliyekaa kwenye dawati la mbele yenu. Kwake yeye hiyo si jioni njema. Amekuja na jambo lake na hajui kama atarudi nalo. Hilo ndilo sikuliona, na wale sita, kwa akili zao zote, hawakuliona.

Nimeinuka nikachungulia barabarani. Bado hujarudi. Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililofanya nishindwe kukaa chini tangu asubuhi.

Ulipokuwa sokoni leo alikuja mke wa Mjomba. Ametoka kijijini na lori la jana. Tangu mazishi hajawahi kukanyaga hapa. Nilimkaribisha ndani, akasema hapa mlangoni panatosha. Akauliza kama ni kweli mtoto anakwenda kusomea sheria. Nikasema ni kweli. Akasema, "Wanataka kunitoa kwenye nyumba."

Unajua mila yetu, mali ya mjomba hurudi kwa wapwa, na wapwa ni sisi, mimi na kaka zangu wawili. Nilijua kaka zangu wamekwenda kijijini mwezi uliopita. Sikuuliza walikwenda kufanya nini. Nilimwambia mimi siitaki nyumba ile. Akasema, "Basi sema hivyo kwa maandishi."

Nilileta karatasi nikamwandikia hapohapo mlangoni, yeye amesimama anasema na mimi nimesimama naandika, kisha nikamsomea yote kwa Kimakonde mpaka aliposema ndiyo, ndivyo. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Ya kwangu, ya kusema siitaki nyumba, iko peke yake nyuma yake, msizichanganye. Kwenye ya kwake kuna majina matatu ya watu wanaomdai nyumba, na la tatu ni langu. Alilitaja, nikaliandika.

Usiishike wewe. Mpe mwenzako asiyetujua, na wakikaa kuisoma, wewe toka nje. Lakini kabla hujatoka watakuuliza kama kuna mtu unayemfahamu kati ya hao walalamikiwa. Waambie wa tatu ni mama yako.

Fatu